Maswali ya Jikoni: Vipande vya oti vyenye matunda ndani

Barua za safari hii zimejaa oti. Ili anayeanza leo asiachwe nyuma, tunarudia kipimo chetu kwanza. Kwa trei ya mraba ya sentimita 20 kwa 20: unga wa ngano gramu 150, oti bapa gramu 120, sukari ya kahawia gramu 100, siagi baridi gramu 140, chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini kijiko kimoja cha chai. Kwa rojo la ndani: matunda yaliyokwisha kumenywa na kukatwa gramu 450, sukari gramu 60, konflawa (wanga mweupe wa mahindi) vijiko vikubwa 2 vilivyosawazishwa, yaani gramu 16, maji ya limau kijiko kikubwa kimoja.

Siagi husuguliwa kwa ncha za vidole ndani ya vitu vikavu mpaka mchanganyiko uwe chengachenga. Theluthi mbili (gramu 340 hivi) hushindiliwa kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea, zikaokwa peke yake kwa dakika 15 kwenye nyuzi 180 za Selsiasi. Kisha rojo lililopikwa na kupoa hutandazwa juu, theluthi iliyobaki hunyunyizwa, na trei hurudi kwenye oveni kwa dakika 25 hadi 30.

Wahariri, salaam. Chini kwangu hakuivi. Juu panakauka vizuri na kupata rangi, lakini tabaka la chini linabaki bichi na kunata. Niliongeza dakika 10, juu pakaungua na chini pakabaki vilevile. Natumia maembe yaliyoiva sana, nayapanga mabichi juu ya unga, kisha naoka kila kitu kwa pamoja. Tatizo ni oveni yangu?

Oveni yako tunaiachilia huru. Tatizo ni maji. Embe lililoiva lina maji asilimia 83 hivi, nanasi na tufaha karibu 86, stroberi 91. Kwa hiyo gramu 450 za embe zimebeba zaidi ya gramu 370 za maji, na ukishalichanganya na sukari, maji hayo huanza kutoka kabla hata trei haijaingia kwenye oveni. Yanashuka chini, unga unayanywa, na unga uliolowa hauwezi kukauka wala kupata rangi, kwa sababu mahali penye maji joto hugota kwenye nyuzi 100 hivi mpaka maji yaishe. Huku juu, chenga ambazo hazijalowa zinaendelea kupanda joto. Ndiyo maana dakika 10 za ziada zilikuunguzia juu bila kukusaidia chini.

Rojo lipikwe kwanza jikoni. Weka matunda, sukari na chembe ya chumvi kwenye sufuria, moto wa wastani, dakika 5 au 6, mpaka uone maji yamejitokeza na kuchemka. Koroga konflawa kwenye vijiko vikubwa 2 vya maji baridi mpaka isiwe na madonge, mimina huku ukikoroga, na uache ichemke dakika moja kamili. Mwanzoni rojo litakuwa na weupe wa maziwa. Wanga ukiiva linageuka kung'aa. Usilitoe kabla ya kung'aa. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: njia ikibaki wazi kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, kabla ya rojo kujifunga, limefika. Zima moto, tia maji ya limau, mimina kwenye sahani pana ili lipoe haraka. Linapoingia kwenye trei liwe vuguvugu au baridi kabisa. La moto litayeyusha siagi ya chenga za juu kabla hazijaokwa, na utapata utando wa mafuta badala ya chenga.

Pili, usiruke zile dakika 15 za kuoka tabaka la chini peke yake. Kingo zikianza kuwa na rangi ya dhahabu na katikati pakiwa pakavu ukipagusa, ndipo utie rojo. Kama trei yako ni ya kioo, ujue kioo huchelewa kushika moto. Mpe tabaka hilo dakika 5 zaidi. Na trei ikae kwenye kichanja cha chini kidogo ya katikati ya oveni.

Mimi sina mizani. Nipimie kwa vikombe tafadhali.

Kwa kikombe cha mililita 240: unga kikombe 1 na robo, oti kikombe 1 na theluthi, sukari ya kahawia nusu kikombe iliyoshindiliwa, siagi vijiko vikubwa 10, matunda vikombe 3 hivi, sukari ya rojo vijiko vikubwa 5 visivyo na kilele.

Angalia unga tu. Ukichota kwa kukizamisha kikombe ndani ya mfuko, unabana unga, na kikombe kinachopaswa kuwa na gramu 120 kinafika 150. Hapo siagi haitoshi, chenga hazishikani, na lawama zote zinaangukia oti. Utie unga kwenye kikombe kwa kijiko, kisha upitishe mgongo wa kisu juu.

Shikamooni. Mimi ni bibi wa wajukuu wanne na vipande hivi wanavipenda, lakini nikikata vinamwagika. Mjukuu anakula cha kwake kwa kijiko. Nifanyeje vishikane?

Marahaba? Hapana, bibi, sisi ndio tunaopaswa kukuamkia: shikamoo. Swali letu la kwanza kwako ni hili: unakata baada ya muda gani? Vipande hivi vikiwa moto havina kinachovishika. Siagi imeyeyuka, rojo bado ni laini. Siagi inaporudi kuganda na rojo linapotulia, ndipo kila tabaka linamshika mwenzake. Iache trei juu ya waya wa kupozea kwa saa 2, kisha saa 1 kwenye friji. Toa pande lote kwa kushika karatasi, weka kwenye ubao, kata kwa kisu kirefu chenye makali kwa kukibonyeza chini moja kwa moja. Usikereze mbele na nyuma, utazichimba chenga. Pangusa kisu kila baada ya mkato. Trei hiyo hutoa vipande 16 vya sentimita 5.

Kama unasubiri na bado vinamwagika, tazama mkono unaoshindilia. Tabaka la chini halitaki kupapaswa. Chukua bilauri yenye kitako bapa, ulibonyeze kote, hasa pembeni, mpaka usione ufa. Mtihani wa mchanganyiko wenyewe ni kuufumba kiganjani: ukifumbua mkono na donge limesimama, sawa. Likivunjika lenyewe, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha siagi iliyoyeyushwa, si maji. Maji yatalifanya tabaka liwe gumu.

Nimetumia majarini laini ya kupaka mkate. Trei ilitoka ikiogelea mafuta na chenga za juu zilikuwa zimetandaa zote. Mbona keki nafanya hivyo na haziharibiki?

Keki ina mayai na unga mwingi wa kushikilia mafuta. Hapa hakuna yai hata moja. Siagi ina mafuta asilimia 80 hadi 82 na maji 16 hivi, na ikiwa baridi ni ngumu, kwa hiyo chenga hupata muda wa kuanza kuiva kabla haijayeyuka yote. Majarini za kupaka nyingi zina mafuta pungufu na maji zaidi, na zimetengenezwa ziwe laini hata zikitoka kwenye friji. Soma pakiti: chini ya asilimia 75 ya mafuta, usiitumie kwa kazi hii. Majarini ngumu ya kuokea, ya kipande, inafaa.

Mafuta ya nazi yaliyoganda nayo yanafaa, ila hayo ni mafuta matupu. Punguza yawe gramu 115 badala ya 140, na uongeze kijiko kikubwa kimoja cha maji. Kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwenye joto bakuli la mchanganyiko likae friji dakika 20 kabla ya kunyunyiza juu. Dawa hiyohiyo ya friji inafaa kwa siagi pia siku ambayo mikono ina joto.

Oti zipi hasa? Nyumbani nina za kuiva haraka, na zingine ngumu zilizokatwa vipande kama mchele.

Bora ni oti bapa nene, zile zinazoonekana umbo la punje nzima iliyobanwa. Zinabaki na mtafuno. Za kuiva haraka zimekatwa na kubanwa zaidi, hivyo hunywa unyevu upesi. Zinafaa, lakini vipande vinakuwa laini na vimejibana. Ukitaka, changanya nusu kwa nusu. Zile ngumu zilizokatwa usizitie: hazina maji ya kutosha humo ndani ya kuzilainisha, utatafuna changarawe. Na za pakiti ndogo zenye ladha zimeshatiwa sukari na chumvi, ziache kwa uji.

Rojo langu lilikuwa zito kabisa nilipolipika. Kesho yake likawa maji, na vipande vimelowa. Sikutia sukari, nilitia asali vijiko vikubwa 4 mwishoni baada ya kuzima moto. Konflawa yangu imeharibika?

Konflawa yako ni nzima. Kosa ni asali, au tuseme wakati wa kuitia. Asali isiyochemshwa ina kimeng'enya kinachokatakata wanga, na ulipoitia mwishoni ikabaki hai na kufanya kazi usiku kucha. Itie mwanzoni pamoja na matunda ichemke nayo, kisha ndipo konflawa ifuate. Pia asali ina maji kiasi cha asilimia 17 au 18 na ni tamu kuliko sukari, kwa hiyo vijiko 2 na nusu vinatosha.

Mate nayo yana kimeng'enya cha aina hiyo. Anayeonja rojo na kurudisha kijiko hichohicho sufuriani analipunguza uzito bila kujua. Ukionja, chukua kijiko kingine.

Kuna sababu nyingine mbili tunazokutana nazo. Moja ni kutia limau mapema na kuacha lichemke muda mrefu na wanga. Asidi pamoja na joto hudhoofisha wanga, ndiyo maana tunaitia baada ya kuzima moto. Nyingine ni kuogopa kuchemsha: rojo likianza kuwa zito tu mtu anazima. Konflawa huanza kuvimba kwenye nyuzi 65 hadi 70, lakini uzito wake wote, na ladha ya unga kuisha, vinapatikana karibu na kuchemka.

Na uhakikishe ulichonunua ni wanga mtupu, mweupe, unaolia ukiubinya kwenye vidole. Unga wa kawaida wa mahindi haufanyi kazi hii. Unga wa ngano unaweza, lakini unahitaji mara mbili, gramu 32, na rojo halitang'aa.

Kipimo chenu cha rojo ni kilekile kwa matunda yote?

Hapana. Gramu 16 za konflawa ni za embe, pichi na nanasi. Tufaha lina pektini yake, kile kitu cha asili kinachogandisha jamu, kwa hiyo gramu 8 zinatosha. Likate vipande vya sentimita 1, lisizidi, na ulipike dakika 8 hadi 10 na vijiko vikubwa 3 vya maji, maana halitoi maji haraka. Stroberi na beri laini zipe gramu 20. Pera lililoiva, tulichuje mbegu, halafu litendee kama tufaha.

Tende hazitaki wanga wala sukari kabisa. Gramu 250 zilizotolewa kokwa, mililita 180 za maji, moto mdogo dakika 5 hadi 8 huku ukiziponda kwa mwiko, na kijiko kikubwa cha maji ya limau ili utamu usikinai. Kwa maoni yetu hilo ndilo rojo rahisi kuliko yote, na tunashangaa barua chache zinalitaja. Ndizi tunaiacha nje: ikishaokwa inakuwa ya kahawia na kuteleza.

Matunda yaliyogandishwa yayeyushwe kwenye chujio juu ya bakuli. Maji yake usiyamwage, yamebeba ladha. Yachemshe peke yake mpaka yabaki nusu, ndipo urudishe matunda. Ya kopo yachuje vizuri, pima gramu 450 baada ya kuchuja, na punguza sukari hadi gramu 20 kwa kuwa yamekaa kwenye sharubati.

Jamu je? Ninayo chupa nzima.

Gramu 300, bila wanga wala sukari nyingine, iliyokorogwa na kijiko kikubwa cha maji ya limau. Acha sentimita 1 pembeni bila jamu. Inapochemka hutambaa, ikigusa ukuta wa trei inaungua na kuwa peremende ngumu.

Daktari ameniambia nipunguze sukari. Naweza kuitoa yote?

Kwenye rojo, unaweza kushuka hadi gramu 30, na kwa embe lililoiva sana hata kuiacha kabisa. Kwenye chenga usishuke chini ya gramu 70. Pale sukari inafanya kazi zaidi ya utamu: inayeyuka na kuzigandisha chenga zikipoa, na inaleta rangi. Bila hiyo unapata unga mkavu uliopauka. Vitamu visivyo sukari vingi huleta utamu lakini havigandishi wala havipati rangi hivyo. Ila unga, oti na matunda vyenyewe vina wanga na sukari yake. Kiasi cha kula ni mazungumzo ya wewe na daktari wako.

Sina oveni, nina jiko tu. Nisahau?

Usisahau, ila badilisha mpango. Tumia sufuria nzito na pana, isiyo na rangi ya kuzuia kushika (hiyo haitakiwi kupashwa ikiwa tupu). Weka ndani yake kigoda cha chuma au pete yoyote ya chuma inayoinua trei sentimita 2 au 3 kutoka kitako, funika, pasha moto wa wastani dakika 10.

Shida ya sufuria ni kwamba moto unatoka chini, hivyo chini panaiva na juu panabaki peupe. Basi oka tabaka la chini tu humo, moto mdogo, dakika 25 hadi 30 mpaka kingo zipate rangi. Mfuniko ufungwe kwa kitambaa safi cha jikoni, pembe zake zikiwa zimekunjwa juu ya mfuniko mbali na moto, ili mvuke usirudi kama matone. Tandaza rojo, funika tena dakika 10. Chenga za juu zikaange kando kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha kwa dakika 8 hadi 10, mpaka ziwe za kahawia na zinukie. Ziepue kabla sukari haijaanza kuyeyuka na kunata. Zinyunyize juu trei ikishatoka, uzibonyeze kidogo kwa kiganja cha mwiko ili zishike kwenye rojo lingali moto.

Trei yangu ni ya duara, sentimita 23. Na jirani ana ya 23 kwa 33.

Ya duara ya 23 ina eneo karibu sawa na ya mraba ya 20, usibadilishe kitu. Ya jirani ni karibu mara mbili: zidisha kila kitu kwa 2, na uongeze dakika 5 mwishoni. Usitazame saa peke yake. Rojo litokote pembeni na chenga ziwe za dhahabu iliyokolea.

Mwanangu ana ugonjwa wa siliaki, ule wa kudhurika na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano. Oti si hazina gluteni?

Zenyewe hazina, lakini mara nyingi hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano. Kwa mwenye siliaki, nunua tu zilizoandikwa kwenye pakiti kwamba hazina gluteni. Wachache wenye ugonjwa huo hudhurika hata na hizo, kwa hiyo daktari aulizwe kwanza. Badala ya unga wa ngano, saga gramu 150 za oti hizohizo kwenye blenda kwa dakika moja. Changanya, kisha acha bakuli dakika 15 ili unga wa oti unywe unyevu kabla ya kushindilia. Vipande vitakuwa vyepesi kuvunjika, hivyo vikate vikiwa baridi kabisa kutoka friji.

Vinakaa siku ngapi, na vinaweza kugandishwa?

Nje, mahali pa baridi, siku 2. Friji, siku 5. Kuanzia siku ya pili chenga za juu hulainika kwa kuwa unyevu wa rojo unapanda. Dakika 8 hadi 10 kwenye nyuzi 160 zinazirudishia ukavu. Usivifunike vingali na joto.

Kwenye friza vinakaa hadi miezi 3, kila kimoja kimefungwa peke yake. Kama unajua utagandisha, badilisha konflawa kwa wanga wa muhogo, uzito uleule. Rojo la konflawa likigandishwa na kuyeyushwa hutoa maji, la wanga wa muhogo hutulia. Vikitoka friza vipeleke moja kwa moja kwenye oveni ya nyuzi 160, dakika 12 hadi 15, bila kuviyeyusha kwanza mezani.